Ada kwa Masharti ya Ng'ombe

Baba mdogo ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba shule ni duka. Alinieleza hivyo jikoni kwetu Nangara, akinywa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika Babati nzima, na yeye, aliyejua ilikofichwa, hakuwa mjinga wa kuileta nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi huyo alikuwa baba yangu, kaka yake wa tumbo moja.

"Duka lenye bidhaa mbovu linafanywaje?" aliniuliza.

"Linakosa wateja, linafungwa."

"Na shule?"

Shule yetu ya msingi ilikuwa na madirisha yasiyo na vioo, kitabu kimoja cha kusoma kwa benchi zima, na shamba la mahindi lililopaliliwa zaidi kuliko sisi tulivyofundishwa. Hata hivyo sikuwahi kusikia mtu akitaka ifungwe.

"Haifungwi kwa sababu hakuna anayeilipia," alisema. "Cha bure hakina mwenyewe. Mzazi angelipa, mwalimu angefundisha. Asiyejua kufundisha angekosa wateja akaenda kulima. Wewe ungepata elimu na nchi ingepata mahindi."

Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Alinunua mahindi, maharage na mbaazi kwa wakulima akaziuza mbali, biashara ambayo siku hizo ilikuwa na jina moja tu, ulanguzi. Polisi walipokuja kuwasomba walanguzi alikaa ndani majuma kadhaa. Wengine walitoka mahabusu na kikohozi. Baba mdogo alitoka na falsafa. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mbaazi tu bila kujua kwamba anatetea jambo lolote.

Baba alikuwa upande wa pili kabisa. Kila Jumamosi aliwakusanya watu wa nyumba zake kumi uani kwetu na kuwaambia kwamba elimu ni haki ya kila mtoto, haiuzwi wala hainunuliwi, haipimwi kwa debe. Alisema kwa moyo safi, na mimi nikiwa mtoto nilimwamini. Baba mdogo alimwita kaka yake "Serikali", naye baba alimwita mdogo wake "bepari". Wangeweza kubishana hivyo mpaka ng'ombe warudi kutoka malishoni, wakipendana sana. Mama, ambaye hakukanyaga darasa hata moja, aliwakatiza kwa maneno yale yale kila mara: chai inapoa.

Halafu nikafanya mtihani wa darasa la saba.

Asiyekuwapo siku zile anaweza kudhani kwamba kufaulu na kuendelea na masomo ni jambo moja. Kwetu yalikuwa mawili. Nilifaulu. Sikuchaguliwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kama mvua ya Septemba, na katika darasa letu zima walichaguliwa wavulana wawili. Sisi wengine tuliitwa "waliohitimu", tukaimbishwa wimbo, tukaambiwa twende tukajenge taifa. Taifa lenyewe lilikuwa shamba letu la Sigino, nililokwisha kulijenga kwa jembe tangu nikiwa darasa la pili.

Baba alisema tungoje uchaguzi wa pili. Tuliungoja tukivuna mahindi, tukaendelea kuungoja tukivuna mbaazi. Nilikuwa naitaka shule kiasi cha kuumwa. Siku moja mama alinikuta nimekaa ghalani na madaftari yangu ya zamani, nikiyasoma tena tangu ukurasa wa kwanza. Hakunifukuza nikateke maji. Alikaa kando yangu, akaniambia nimsomee. Nilimsomea sayansi ya darasa la sita, sehemu za ua, naye akasikiliza kama anayesomewa Injili. Kesho yake alikwenda kwa baba mdogo bila kumwambia baba.

Wakati huo wazazi fulani wa mjini walikuwa wamefungua sekondari yao wenyewe ndani ya ghala la zamani la ushirika. Ghala lilijengwa kuweka mahindi ya wakulima, lakini mahindi yalikuwa yameacha kupita huko. Yalipita usiku kwenye malori ya akina baba mdogo. Kwa hiyo wakatia madarasa. Juu ya ubao wa kidato cha kwanza palikuwa na maandishi makubwa mekundu, USIEGEMEZE MAGUNIA UKUTANI, na walimu waliyatumia vizuri kwa wanafunzi wavivu. Shule ile ilikuwa na ada. Baba aliiita genge la elimu.

Baba mdogo alikubali kunilipia. Lakini yeye si mtu wa kutoa sadaka. Sadaka, alisema, humharibu anayepewa na kumpumbaza anayetoa. Alitaka masharti. Akayatoa wapi masharti? Hapo ndipo alipotuzidi akili sote, maana hakuyatoa kwenye redio wala kwa wafanyabiashara wenzake. Aliyatoa kwa babu.

Huko kwetu milimani Mbulu, tulikotoka, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Humpa ndugu au jirani ng'ombe amfugie. Mfugaji hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe mwenyewe na uzao wake hubaki mali ya aliyemtoa, naye huja mara kwa mara kumtazama hali, na akitaka humchukua. Babu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kuwaita mabepari. Baba mdogo alipendekeza nisomeshwe kwa masharti hayo hayo. Yeye angetoa ada. Wazazi wangu wangenilisha na kupata kazi yangu wakati wa likizo, ambayo ndiyo maziwa na samadi. Uzao ungekuwa ng'ombe wa mahari yangu.

Wazee watatu wa ukoo walikuja nyumbani kushuhudia. Nilipita na kibuyu cha maji nikiwanawisha mikono, kwa hiyo nililisikia soko langu lote. Mzee mmoja alicheka, akamwambia baba mdogo kwamba amepunjika, kwani mahari yetu ya kimila ni kidogo mno, hata gunia la mbaazi lina faida zaidi. Baba mdogo akajibu kwa upole kwamba msichana wa kidato cha nne haolewi kwa bei ya mila. Elimu humpandisha. Anamnunua ndama sasa, atamuuza mtamba.

Mzee mwingine, kwa mazoea tu, akaanza kukariri masharti yote ya kufugiana. "Na akifa kwa bahati mbaya, mfugaji ataleta ngozi ili..." Hapo akakohoa, akaomba maji.

Nilimtazama baba. Niliamini atasimama na kuwafukuza. Mtu ambaye angemripoti jirani kwa kuuza sabuni chini ya kitanda alikaa pale akisikiliza binti yake akikodishwa, na aliposema, alisema, "Hii si biashara. Hii ni mila." Ubepari ulikuwa umeingia nyumbani kwake umevaa blanketi la baba yake, akausalimia shikamoo. Nilikasirika naye kwa muda mrefu. Nilichelewa kuona kwamba hakuwa na ada, na kwamba aliona haya kwa kukosa.

Basi nikaingia kidato cha kwanza. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilibeba kigoda changu kutoka Nangara kila asubuhi, nikaandika katika karatasi za kufungia sukari ambazo mama alizishona pamoja, na nikaona kwamba hata ng'ombe wa kufugishwa akipewa malisho mazuri hafikirii sana habari za mwenye mali.

Mwenye mali, hata hivyo, alifikiri. Kila muhula alikuja kunikagua. Alisimama mlangoni pa ghala na kofia yake ya pama mkononi, akamsalimu mwalimu kwa adabu zote, kisha akauliza, "Anakula vizuri?" Alikuwa na maana ya masomo. Nilisimamishwa nisome Kiingereza kwa sauti, naye, asiyejua neno, akasikiliza kwa kutikisa kichwa kama anavyosikiliza mlio wa mbaazi kavu ndani ya gunia. Wanafunzi wenzangu walikufa kwa kicheko. Mimi nilisoma bila kukwama, maana niliwajua wasichana wa umri wangu waliokuwa tayari na mtoto mgongoni.

Katika ukaguzi mmoja, nikiwa kidato cha pili, alimkuta mwalimu wa hesabu ubaoni. Huyu alikuwa ndiye mwalimu wa hesabu pekee tuliyemjua: asubuhi alifundisha shule ya serikali, mchana alifundisha kwetu. Alikuwa na kipawa cha kuzidisha na kugawanya kichwani kabla chaki haijagusa ubao. Baba mdogo alisahau kunikagua. Alivuta kigoda cha mtu akakaa mpaka kipindi kikaisha, kisha akatoka na mwalimu nje, wakazungumza muda mrefu kando ya barabara.

Muhula uliofuata mwalimu hakuja. Tukauliza, tukaambiwa ameacha kazi. Tukauliza amekwenda wapi. Siku ya mnada nikamwona kwa macho yangu, amesimama nyuma ya mizani ya baba mdogo, penseli sikioni, akiwapigia wakulima hesabu za magunia kwa kasi ile ile aliyotupigia sisi. Alikuwa amevaa viatu vipya. Aliponiona akanisalimu vizuri tu, hata hakutahayari. Alilipwa mara mbili ya mshahara wake, na juu yake sabuni na sukari. Nani angemlaumu? Mkewe alikuwa ameanza kufua kwa majivu.

Nilimwendea baba mdogo kwa hasira. "Shikamoo, baba mdogo. Umechukua mwalimu wetu."

"Marahaba, mwanangu. Sikumchukua. Nilimpa bei, akaja mwenyewe. Mtu ni huru kuuza kazi yake."

"Na sisi tutafundishwa na nani?"

"Soko litaleta mwingine," alisema, na alisadiki kabisa.

Soko halikuleta. Siku hizo aliyejua hesabu Babati alikuwa akigombewa na kila mwenye duka, na ghala letu halikuwa na sukari ya kumvutia. Kwa mihula miwili kipindi cha hesabu kilikuwa kipindi cha kuangalia mlima Kwaraa kupitia mlangoni. Mtihani wa kidato cha pili nilipenya kwa masomo mengine. Kidato cha tatu kilipoanza ripoti yangu ilikuwa mbaya, na katika ukaguzi baba mdogo alisomewa alama zangu, akakunja uso.

"Mali inashuka," alimwambia mama jioni ile.

"Nani ameishusha, shemeji?"

Hakusikia swali, au alilisikia akaliona si la kibiashara. Alikuwa tayari anawaza. Mwenye lori mmoja wa Bonga, mgane, mtu ambaye umri wake ulistahili shikamoo mbili kwa pamoja, alikuwa ameniona mnadani akaulizia. Alikuwa akitoa ng'ombe, mabati na cherehani. Baba mdogo alitueleza bila ubaya wowote moyoni. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kupanda bei, na hesabu zilikuwa zinaanza kunishusha. Mahindi yakianza kubunguliwa, alisema, hungoji bei ipande.

Nilijua hakuna wa kumzuia. Mwenye ng'ombe humchukua ng'ombe wake anapotaka. Hivyo ndivyo ilivyoshuhudiwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, nimebakiza kidato cha tatu na cha nne, na usiku sikulala kwa kuwaza viatu vya yule mgane vikiwa chini ya kitanda.

Wazee wale wale wakaja tena, Jumapili baada ya ibada. Safari hii mama hakukaa jikoni. Alileta kigoda akakaa mlangoni, katikati ya wanaume na mwanga.

"Shemeji," alimwambia baba mdogo, "ulisema mwalimu ni huru kuuza kazi yake anakotaka."

"Nilisema, na nasema tena."

"Na huyu je?" Akanielekezea kidole.

"Huyu yuko katika mapatano, shemeji."

"Mapatano na nani? Siku ile yeye alisema nini?"

Wazee wakacheka. Mmoja wao akasema, kwa wema, kwamba ng'ombe haulizwi.

"Haulizwi kwa sababu hawezi kujibu," mama akasema. "Huyu mmemlipia ada ajifunze kujibu. Muulizeni."

Yule mzee aliyekohoa mara ya kwanza akanigeukia, akaniuliza nataka nini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali, mengine ya Kiingereza. Yakaniishia yote. Nikasema, "Nataka kumaliza," hayo tu, nikaona aibu.

Baba mdogo hakuwa mtu katili. Macho yake yalilowa kidogo, nadhani. Lakini alikuwa na msimamo, na mtu mwenye msimamo ni mgumu kusaidika. Akaeleza kwamba ananipenda, na kwamba kama kila mtu angerudi nyuma kwa sababu ya machozi hakuna mapatano ambayo yangesimama katika nchi hii, na hapo ndipo tulipofikishwa na siasa za kaka. Wazee wakanong'onezana. Wakasema sheria iko upande wake. Njia moja tu ilibaki, mfugaji amkomboe ng'ombe.

Wakamtazama baba. Akasimama, akatoka nje, na mimi nikafikiri ameshindwa, anakwenda kujificha shambani kama nilivyomwona akijificha siku za matokeo yangu. Nilimchukia kabisa kwa muda wa dakika ile.

Akarudi na maksai wake wawili, amewashika kwa kamba, wakasimama mbele ya mlango wakitafuna. Walikuwa ndio plau yetu, shamba letu, na kipato chetu, kwa kuwa majirani walimkodi awalimie. Aliwalea tangu ndama na aliwafundisha kazi mwenyewe.

"Huyu ni wa ada uliyolipa," alimwambia mdogo wake. "Huyu wa pili nitamuuza mnadani, ni wa ada iliyobaki."

"Kaka," baba mdogo alisema, "sikutaka ugomvi. Nilitaka bei."

"Bei ndiyo hii."

Baba mdogo akaipokea kamba. Kwa mazoea, Mungu amsamehe, akamfungua maksai mdomo kutazama meno, kisha akagutuka, akaufunga mdomo polepole kwa mikono miwili. Wazee wakasema imekwisha. Mwenye lori wa Bonga alipelekewa salamu za heshima.

Maksai wa pili aliuzwa mnada uliofuata. Baba hakujua kuuza. Alisimama akitaja bei ndogo na kuwaomba radhi wanunuzi, mpaka baba mdogo akapita, akamtazama kwa uchungu wa mtu anayeona kazi nzuri ikiharibiwa, akamnyang'anya kamba. Alipiga kelele, alikasirika, aliondoka akarudishwa, akamuuza kwa bei ambayo mnada uliizungumzia mpaka jioni. Hakuchukua hata senti ya udalali. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyezihesabu fedha.

Mvua za msimu ule zilipokuja tulilima Sigino kwa jembe la mkono. Nilikuwa likizo. Baba alitangulia mstari wa kwanza, mama wa pili, mimi wa tatu, katika shamba ambalo maksai walilimaliza kwa siku chache na sisi hatukuwa tumefika nusu baada ya majuma. Baba alikuwa amezeeka ghafla. Nilimsikia akihema, na malengelenge ya mikono yake yalipasuka yakaacha alama kwenye mpini.

Siku moja adhuhuri jirani mmoja alipita njiani akasimama kutusalimu. Akalalamika kwamba binti yake naye amefaulu na hakuchaguliwa, akamwuliza balozi afanyeje. Baba akanyoosha mgongo kwa shida, akajifuta jasho, akamwambia asihangaike na wale wa ghalani, kwa maana elimu ni haki ya mtoto, haiuzwi wala hainunuliwi, na serikali haitamtupa. Alisema kwa moyo safi ule ule. Mama aliinama akatazama majani.

Ningeweza kusema neno. Ulimi nilikuwa nao tayari, na nilikuwa nimelipiwa niutumie. Jirani akanitazama, akaniuliza kama asemayo baba ni kweli. Nikamtazama baba akiwa amesimama na jembe mikononi, anangoja naye kusikia nitakachojibu.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi sikununuliwa na mtu."

Baba akageuka haraka akaendelea kulima, nami nikamfuata.